Buibui wa shimoni anapojivua gamba: dalili, chanzo na la kufanya

Swali ninaloulizwa kuliko yote na Waswahili wenzangu wanaofuga tarantula, buibui wakubwa wenye manyoya, huku Ulaya huja na picha ya mdomo wa shimo uliozibwa kwa udongo na utando, na chini yake maneno mawili: "Amekufa huyu?" Mara nyingi hajakufa. Yuko chini kule anajiandaa kujivua gamba, na hatari kubwa inayomkabili ni kijiko kilichoko mkononi mwa anayeuliza.

Mimi ni mzaliwa wa Lushoto. Mara ya kwanza kwenda kwenye maonyesho ya wanyama wa kufugwa mjini Hamm, Ujerumani, niliona kikopo cha plastiki kimeandikwa "Usambara", na ndani yake buibui wa rangi ya chungwa, mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Alikuwa Pterinochilus murinus, na wafugaji wa huku humwita yule mwekundu-chungwa kwa jina la milima yetu. Nikamnunua papo hapo. Baadaye nikaongeza Pelinobius muticus, buibui wa Kenya na Tanzania mwenye rangi ya kutu, ambaye miguu yake ikitandazwa hufika karibu sentimita 20 na ambaye porini huchimba zaidi ya mita moja kwenda chini. Haya ninayoyaandika yanawahusu zaidi hao wawili, ila mengi yanafaa kwa buibui yeyote wa shimoni.

Kinachotokea kule chini

Gamba la buibui halikui. Akitaka kuongezeka mwili hutengeneza gamba jipya, laini, chini ya lile la zamani, kisha hulitoka la zamani kama mtu anayevua kanzu iliyombana. Siku ikifika, moyo huenda mbio na damu yake, ambayo ni majimaji yasiyo mekundu, husukumwa kutoka tumboni kuja mbele hadi ngao ya mgongoni ibanduke pembezoni na kufunguka kama kifuniko. Halafu tumbo huachana na gamba, miguu huchomolewa, chonge, yaani meno yake ya sumu, huchomolewa, hata ngozi ya ndani ya koo hutoka. Kazi yote hii ni msukumo wa maji. Hata kunyoosha miguu buibui hutegemea kuijaza maji. Misuli yake zaidi ni ya kukunja.

Kwa hiyo maji yatakayomvusha salama ni yale aliyokwisha kunywa wiki kadhaa kabla. Mvuke utakaompulizia siku yenyewe hauwezi kuziba pengo hilo. Mwenye kulishika hili atakuwa ameepuka nusu ya matatizo yaliyoko hapa chini.

Mtoto mdogo humaliza kwa muda wa saa moja hivi au pungufu. Mkubwa huchukua saa kadhaa, na kupitisha usiku mzima si ajabu. Watoto hujivua kila mwezi au miezi miwili. Jike mzima mara moja kwa mwaka, wengine hata miaka miwili ipite.

Amefunga mlango na hali chakula

Hii ndiyo dalili inayoogopesha watu, nayo ndiyo yenye sababu za kawaida zaidi. Nazipanga kuanzia ile ninayokutana nayo mara nyingi:

1. Anajiandaa kujivua.
2. Ameshiba. Buibui mzima aliyenona anaweza kukaa miezi bila kula na asipungukiwe na kitu.
3. Anakimbia usumbufu: mwanga mkali, spika iliyo rafu moja naye, tangi lake la kioo linalosogezwa kila siku, au udongo wa juu uliokauka kupita kiasi.
4. Ni jike aliyepandwa, na amejifungia na mfuko wa mayai.
5. Amekufa kweli. Sababu hii ipo, lakini iko mwisho wa orodha.

Tatizo la buibui wa kwetu ni kwamba ishara moja wanayoitegemea sana wafugaji wa buibui wa bara la Amerika haipo. Wengi wa kule wana nywele za kuwasha tumboni, wakizipunguza hubaki upara, na upara ukigeuka mweusi watu hujua kujivua kumekaribia. Buibui wa Afrika hawana nywele hizo. Tazama badala yake tumbo lililojaa na kuvutika, rangi iliyofifia kama nguo iliyofuliwa mara nyingi, mwendo mzito, na kuzidi kwa utando. Pterinochilus hufuma utando mzito hata siku za kawaida, basi kwake tumbo na rangi ndivyo vya kuaminika.

Uchunguzi wa kwanza haugusi udongo. Zunguka tangi usiku kwa tochi hafifu, kwa sababu wengi huchimba kandokando ya kioo na utaona walau mguu. Jioni laza kijiti cha nyasi kavu juu ya mdomo wa shimo; kikikutwa kimesogezwa asubuhi, mwenye nyumba yu hai. Kisha nusa. Buibui mkubwa aliyekufa katika udongo wenye unyevu hunuka, na harufu yake haifanani na ile ya udongo. Kama hakuna harufu na mlango umezibwa kwa ustadi, ukae ukijua kwamba kuna mtu ndani aliyeuziba.

La kufanya ni dogo. Toa chakula chote kilicho hai. Jaza kibakuli cha maji na kisikauke hata siku moja. Chomeka mrija kwenye kona iliyo mbali na shimo, ufike karibu na sakafu ya tangi, kisha mimina maji kidogo kupitia humo. Chini patakuwa na unyevu na juu patabaki pakavu, kama ardhi yao ilivyo baada ya masika: uso unakauka lakini ukichimba mkono mmoja unakuta ubaridi.

Je, umngoje hadi lini? Watoto, wiki kadhaa. Pterinochilus mkubwa, mwezi au zaidi. Pelinobius ana mwendo wake: hukua polepole kuliko wengi na huweza kujifungia kwa miezi. Wangu wa kwanza alifunga mlango mwezi wa pili. Mwezi wa sita nikashindwa kuvumilia, nikachukua kijiko cha chai na kuanza kufukua taratibu, nikijiambia nachungulia tu. Kwenye kina cha kiganja dari la chumba chake liliporomoka. Nilipouondoa udongo nilimkuta chali juu ya mkeka wa utando, ngao imeshafunguka, miguu miwili imetoka nusu, meupe kama maziwa, na punje za udongo zimegandamana kwenye viungo vilivyokuwa bado na umajimaji. Aliendelea kujitahidi kwa saa nyingi. Asubuhi alikuwa ameacha. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu ya asubuhi ile.

*Usifukue. Kama ni lazima kabisa, kwa mfano kuna harufu ya kuoza au tangi limeingiwa na maji mengi, fukua kutoka ubavuni, mbali na chumba chake, tena kwa mkono wa mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo.*

Nimekuta maiti mdomoni mwa shimo

Kabla ya kulia, iokote kwa kibano. Ni nyepesi kama ganda la karanga? Ngao ya juu imefunguka kama mfuniko wa sufuria, na sehemu ya tumbo imenywea kama kipande cha ngozi ya kitunguu? Hilo ni gamba. Mwenyewe yuko chini, mzima, na amefagia nyumba.

Usilitupe. Liloweke katika maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo hadi lilainike, kisha likunjue. Hesabu miguu yote minane na chonge mbili, uone kama kila kitu kimetoka. Kwenye ngozi ya tumbo upande wa ndani, katikati ya madoa mawili ya mbele kati ya yale manne meupe ya mapafu, jike huwa na kijifuko cha kuhifadhia mbegu. Kwa aliyekua huonekana kwa lenzi ndogo ya mkono.

Yuko chali, au amelala ubavu

Ikiwa unamwona kupitia kioo na miguu imetanuka juu, anajivua. Shimoni wengine hujivua kwa ubavu kwa sababu ya nafasi. Zima taa, punguza kelele, ondoka. Usimpulizie maji, usimgeuze. Kumgeuza buibui katikati ya kujivua kumeua wengi, na kila mara aliyefanya hivyo alikuwa na nia njema.

Jambo moja la haraka: hakikisha hakuna nyenje wala mende wa chakula aliyesalia mle ndani. Wakati huu gamba jipya ni laini kama karatasi iliyolowa na buibui hawezi kujitetea. Nyenje mmoja mwenye njaa atamtafuna akiwa hai. Ukimwona mdudu, mtoe kwa kibano kirefu bila kutikisa udongo.

Yuko wima, miguu imejikunja chini kama ngumi

Hii ni tofauti kabisa na kuwa chali, na ndiyo inayostahili hofu. Msukumo wa maji umeshuka, na misuli ya kukunja imebaki bila kitu cha kupingana nayo. Sababu kwa mpangilio wa kawaida: kiu, joto, uzee au ugonjwa.

Kiu hutambulika kwa tumbo dogo lililokunyata. Andaa kisahani chenye maji ya kina cha milimita chache, mlete taratibu ukingoni, mdomo wake, ambao uko upande wa chini kati ya mizizi ya chonge, uguse maji. Tumbo libaki nje, maana mapafu yako chini ya tumbo na yakizama anazama naye. Mwache saa kadhaa mahali penye kivuli. Akiwa ni kiu tu, utaona miguu inafunguka polepole.

Joto linastahili maneno zaidi, kwa sababu hapa ndipo wafugaji wa huku kwenye baridi hukosea bila kujua. Wananunua mkeka wa umeme na kuuweka chini ya tangi. Buibui wa shimoni akihisi joto kali hufanya alichofundishwa na ardhi ya nyumbani, yaani huchimba kwenda chini ambako kuna ubaridi. Sasa chini ndiko uliko moto. Anazidi kuchimba, udongo wa chini unakauka kuliko wa juu, na siku ya kujivua inamkuta hana maji. Pasha chumba, au weka mkeka ubavuni mwa tangi pamoja na kidhibiti joto. Nyuzi 22 hadi 28 zinatosha. Wangu wamejivua miaka mingi katika chumba cha kawaida kisicho na mkeka wowote.

Shimo limeporomoka

Kwanza angalia udongo, maana karibu kila mara kosa ni lake. Vumbi la makumbi ya nazi likiwa peke yake, likikauka, halishiki. Linamiminika kama mchanga wa ufukweni. Mchanga mtupu ni mbaya zaidi. Mchanganyiko ninaoutumia ni udongo wa juu usiotiwa mbolea wala dawa, vumbi la makumbi kidogo, na mfinyanzi wa kutosha kiasi kwamba ukifinya konzi moja, tonge linabaki tonge. Linashindiliwa kwa ngumi safu kwa safu likiwa na unyevu, hadi kina cha sentimita 25 au 30 kwa Pelinobius mkubwa. Watu wengi hawashindilii. Wanamimina tu kama mboji kwenye chungu cha maua, kisha wanashangaa.

Sababu nyingine: kibakuli kizito au jiwe lililowekwa juu ya udongo bila kufika sakafuni, maji yaliyomwagwa yote kwa mara moja mdomoni mwa shimo, na tangi lililohamishwa.

Kama ameporomokewa na hajawa katika kujivua, mwache. Buibui wa shimoni ni mchimbaji. Pelinobius ana miguu ya nyuma minene, iliyopinda, na atajitoa ndani ya siku moja au mbili. Kama una hakika alikuwa anajivua, yaani ulimwona kwa macho kupitia kioo, hapo pana haja ya kuingilia, nayo ni kwa burashi laini ya rangi za maji: ondoa udongo kutoka upande wa kioo, acha nafasi ya hewa juu yake, usimguse mwili, kisha funika tangi kwa kitambaa cheusi. Usijaribu kusafisha punje zilizomgandia. Zitakauka na nyingi zitadondoka zenyewe.

Ameanza na amekwama

Kwanza uwe na hakika kwamba amekwama. Kupumzika katikati ni kawaida. Anaweza kutulia nusu saa bila hata kutikisika. Kwa mkubwa nangoja hadi saa 24 zipite tangu ngao ifunguke ndipo niseme neno "kukwama". Kwa mtoto mdogo, nusu siku.

Sababu kubwa ni upungufu wa maji. Zinafuata: usumbufu, jeraha la zamani lililoacha kovu, udhaifu wa uzee, na dume aliyekwisha komaa. Dume aliyekomaa ana viungo maalumu vya kujamiiana kwenye ncha za mikono yake midogo ya mbele, na mara chache akijaribu kujivua tena baada ya hapo viungo hivyo hunasa ndani ya gamba. Wengi wa namna hiyo hufa, na hakuna kosa la mfugaji.

Tazama kimekwama nini.

*Ngao haijafunguka kabisa.* Ongeza unyevu wa udongo unaomzunguka na uache. Hakuna mkono utakaomfungua bila kumpasua.

*Mwili umetoka, mguu mmoja au miwili imenasa.* Hii ndiyo ninayoletewa mara nyingi, na ndiyo yenye matumaini. Chovya burashi nyembamba katika maji ya vuguvugu, gusisha tone moja kwenye gamba kuukuu la mguu ulionasa, subiri dakika 15, rudia. Tone liende kwenye gamba la zamani, lisiende kwenye ngozi mpya wala mapafuni. Usivute. Nasema tena usivute, kwa sababu ukivuta hujui kama kitakachokatika ni gamba au kiungo. Akishindwa, mwache atembee na lile gamba likining'inia. Mara nyingi yeye mwenyewe ataukata mguu kwenye kiungo chake karibu na mwili, kidonda kitajifunga, na mguu utaota upya katika kujivua kunakofuata, kwanza mwembamba, kisha kamili. Buibui wangu wa Usambara alibaki na miguu sita mwaka mzima, akila na kuchimba kama kawaida.

*Tumbo limenasa, au miguu mitatu na zaidi.* Acha hapo. Hii ni kazi ya daktari wa wanyama aliyezoea buibui na mijusi, ambaye anaweza kumlaza kwa gesi ya usingizi (isoflurane) na kukata gamba chini ya lenzi. Ukiwa unasubiri, mweke juu ya karatasi ya jikoni iliyoloweshwa, ndani ya boksi lenye giza na matundu ya hewa.

Anatoka majimaji

Damu ya buibui ni angavu, ina ubuluu kwa mbali kwa sababu hubeba shaba badala ya chuma. Wengi huidhani maji. Matone machache baada ya kujivua yanaweza kuwa ni umajimaji uliokuwa kati ya magamba mawili. Yakikauka na yasirudi, basi. Yakiendelea kuchuruzika kutoka sehemu moja, hiyo ni damu.

Kwenye mguu: nyunyizia konfulawa, ule unga mweupe laini wa kukolezea mchuzi, moja kwa moja kwenye kidonda kwa ncha ya burashi, na urudie hadi pashike. Usiufikishe mdomoni wala mapafuni. Kisha maji ya kunywa karibu naye.

Kwenye tumbo: huo ni mpasuko, na huja zaidi kwa kuanguka au kwa kushikwa akiwa bado laini. Weka unga huo huo, mfungie asitembee, mpigie daktari siku hiyo hiyo. Wenye uzoefu huziba mpasuko mdogo kwa gundi ya supaglu. Usilijaribu hilo kwa mara ya kwanza ukiwa peke yako na mikono inatetemeka.

Amejivua vizuri, lakini hali

Tazama chonge. Baada ya kujivua huwa nyeupe, kisha nyekundu, kisha nyeusi. Hadi zimekuwa nyeusi kabisa hawezi kutoboa kitu, na nyenje atakayewekewa ndiye atakayekula. Mtoto mpe siku tano, wa kati wiki moja hadi mbili, mkubwa wiki mbili au tatu. Ikiwa yuko shimoni na huwezi kuziona, ongeza wiki na uweke mdudu aliyekwisha uawa mdomoni mwa shimo jioni. Asubuhi utoe kama hajaguswa.

Zikiwa nyeusi na bado hali kwa muda mrefu, rudi kwenye gamba ulilohifadhi. Ndani ya sehemu ya kichwa panapaswa kuwa na kipande cheusi cha ngozi ya koo na tumbo la kunyonyea. Kikikosekana, huenda kimebaki ndani yake na kumziba. Wakati mwingine chonge zenyewe zimekosekana. Asiye na chonge huweza kulishwa mdudu aliyepondwa hadi akawa uji, akiwekewa chini ya mdomo, na wapo waliofikishwa hivyo kwenye kujivua kunakofuata. Aliyezibwa koo hana dawa ninayoweza kukuahidi.

Ukiona utelezi mweupe mdomoni, kama unga wa ngano uliolowa, na buibui amejikunyata kando ya maji, mtenge mara moja. Hao ni minyoo midogo sana. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walieleza spishi mpya ya minyoo hiyo, Tarantobelus jeffdanielsi, iliyopatikana kwenye tarantula wa mfugaji mmoja. Tiba hakuna. Vyombo vyake, kibano chake, udongo wake, visiguse tangi lingine.

Mzigo wa namna hii huja zaidi na buibui waliokamatwa porini, ambao pia hufika wamekauka kwa safari. Nunua waliozaliwa kwa wafugaji. Na tukienda likizo nyumbani tusirudi na kikopo mfukoni: mwaka 2025 mahakama nchini Kenya iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha mwaka, kwa kukutwa na maelfu ya sisimizi hai. Sheria haiangalii ukubwa wa mnyama.

Utitiri na ukungu

Ukungu mweupe kwenye udongo mpya ni wa kawaida na hupungua hewa ikizunguka. Ondoa mabaki ya chakula, ongeza matundu, tia kolembola, vile vidudu vyeupe virukavyo vinavyokula ukungu. Utitiri unaotambaa kwenye udongo hula mabaki tu. Ule uliojikusanya kwenye viungo laini vya buibui au karibu na mdomo ndio unaohitaji kumhamisha, ila usimhamishe akiwa amejifungia kujivua. Ngoja atoke kwanza.

Anatetemeka, anajikwaa, miguu haielewani

Buibui aliyejivua jana huyumba kidogo, hilo litapita. Anayerusha miguu ovyo, anajigonga, anageuka kichwa chini bila kujivua, huyo mara nyingi amepata sumu. Tafuta nyumbani: dawa ya mbu ya kupuliza, dawa ya mbu ya kuchoma, dawa ya viroboto uliyompaka mbwa au paka kisha ukashika kibano, udongo wa dukani wenye dawa ya wadudu, nyenje walionunuliwa mahali palipopuliziwa. Sumu iliyotengenezwa kuua mende haina njia ya kumtambua buibui wako na kumwacha.

Mhamishie kwenye boksi safi lenye karatasi tupu na maji, fungua madirisha, osha mikono hadi kwenye viwiko, usimlishe. Wengine hupona kidogo kidogo, na kujivua kunakofuata ndiko huonyesha.

Akikuuma wewe

Unapomhamisha yeyote kati ya hawa tumia kikopo na kipande cha kadi, kamwe si kiganja. Buibui wa Usambara ana kasi usiyoitegemea, na sumu yake huleta maumivu makali na misuli kukakamaa, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Osha kwa sabuni, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, vua pete. Kifua kikibana, pumzi ikiwa nzito, au mikakamao ikienea mwilini, nenda hospitali na utaje jina la kisayansi la buibui.

Unapompigia daktari

Si kila daktari wa mifugo anawapokea. Uliza kabla, kwa simu, leo, wakati buibui wako ni mzima, na uandike namba hiyo kwenye tangi. Siku ikifika uwe na tarehe aliyofunga mlango, tarehe aliyokula mara ya mwisho, joto la chumba, picha ya tumbo na ya upande wa chini, na lile gamba kwenye kijiboksi. Msafirishe kwenye kikopo kisichozidi sana ukubwa wake, juu ya karatasi yenye unyevu, gizani, na wakati wa baridi kiweke ndani ya koti lako upande wa kifuani.